Mapigo Sita kwa Sekunde

Igeuze saa ya Seiko 5 yenye mgongo wa kioo uitazame ndani. Kitu cha kwanza kuonekana ni bamba zito la chuma, umbo la nusu duara, linalozunguka kila mkono unapoyumba. Pembeni yake kuna gurudumu jembamba lisilotulia hata kidogo. Linageuka upande mmoja, linarudi upande wa pili, na safari hiyo ya kwenda na kurudi hukamilika mara tatu kila sekunde. Kwenda ni pigo, kurudi ni pigo. Mapigo sita kwa sekunde, 21,600 kwa saa moja, 518,400 kati ya alfajiri moja na nyingine. Hakuna betri. Nguvu yote imetoka kwenye mkono wa mwenye saa: alipopanda daladala, alipokatakata vitunguu, alipompungia jirani.

Saa hii haikuundwa kwa ajili ya matajiri. Seiko walipoanzisha jina la 5 mwaka 1963, nia ilikuwa kumpa mtu wa kipato cha kawaida saa inayojijaza yenyewe, inayoonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, isiyoogopa maji, yenye kasha na cheni vya kudumu, na kitufe kilichojificha kwenye namba 4, pale sisi tunaposoma saa kumi. Mambo hayo matano ndiyo yaliyoipa jina. Huku kwetu imevaliwa na walimu, madereva wa malori na wenye maduka. Nyingine zilikuja ndani ya mizigo ya ndugu waliorudi kutoka Maskati, Dubai au Jedda, zikiwa na majina ya siku kwa Kiarabu na Kiingereza.

Nimeichagua makusudi. Mazungumzo ya wapenzi wa saa hukimbilia haraka majina makubwa ya Geneva na bei zake. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini chombo kidogo kiasi hiki kinapendwa maisha mazima, njia nzuri ni kuifuata nguvu: ianzie pale inapoingia, ipite gurudumu hadi gurudumu, mpaka inapousogeza mshale wa sekunde. Kila hatua utakuta kikwazo, na penye kikwazo utakuta mtu aliyekaa nacho mpaka akakipatia dawa. Saa ya mkononi ni mkusanyiko wa majibu hayo, na hata saa ya bei nafuu inayabeba karibu yote.

Mkono unaojaza

Kikwazo cha kwanza ni mkono wenyewe. Mkono hauna utaratibu. Hugeuka kulia na kushoto, polepole na ghafla, ilhali kamani, ule utepe wa chuma uliojikunja ndani ya pipa dogo, hujazwa kwa kuzungushwa upande mmoja tu. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanya kazi Paris, alikuwa akitengeneza saa za mfukoni zinazojijaza tangu miaka ya 1780. Mwingereza John Harwood aliihamishia fikra hiyo kwenye saa ya mkononi katika miaka ya 1920. Mwaka 1931 Rolex wakaja na bamba linalozunguka duara zima bila kugonga kingo yoyote.

Bado lilibaki swali la pande mbili: bamba likienda kulia linajaza, je, likienda kushoto? Wengi walilijibu kwa kuongeza magurudumu. Mwaka 1959 mafundi wa Seiko wa Suwa, Japani, walilijibu kwa wenzo mmoja mwembamba wenye mikono miwili inayolikumbatia gurudumu lenye meno madogo. Bamba likigeuka upande huu, mkono mmoja unavuta. Likigeuka upande ule, mwingine unasukuma. Gurudumu lenyewe husonga mbele daima. Wenyewe waliuita Magic Lever, na bado umo ndani ya saa zao hadi leo. Naupenda wenzo huu kwa sababu unaonyesha akili ambayo ni nadra kusifiwa, akili ya kuondoa. Palipokuwa na vipande vingi pakabaki kimoja, na kwa kuwa ni kimoja, kikawa rahisi kutengeneza, rahisi kusafisha na kigumu kuharibika.

Kamani nayo ina hekima yake. Katika saa ya kujijaza, ncha yake ya nje haikufungwa kwenye pipa. Imejibana ukutani kwa mkunjo wake yenyewe, na ikijaa huteleza kidogo kisha hushika tena. Mwenye saa anaweza kulima kutwa nzima bila kuikata. Akiivua na kuiweka mezani, itaendelea kutembea kwa saa 40 hivi kabla haijasimama.

Kutoka hapo nguvu inaingia kwenye msururu wa magurudumu. Pipa huzunguka mara chache tu kwa siku. Mshale wa sekunde unatakiwa uzunguke mara 1,440. Kubwa linaendesha dogo, mwendo unaongezeka, nguvu inapungua, mpaka mwishoni inayobaki ni ndogo kiasi kwamba chembe ya vumbi inaweza kuizuia. Hapo adui ni msuguano. Ncha ya ekseli ya gurudumu linalopiga ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikizunguka ndani ya tundu la shaba kwa miaka, tundu hulika na kupoteza uduara wake, na saa huanza kuyumba.

Dawa ilipatikana London mwaka 1704. Mwanahisabati Nicolas Fatio de Duillier, pamoja na mafundi wawili wa ukoo wa Debaufre, walipewa hataza ya kutoboa mawe ya thamani na kuyafanya beringi za ekseli. Yakuti ni ngumu, hukubali kung'arishwa mpaka isiwe na mkwaruzo, na hulishika tone la mafuta bila kulinyonya. Tatizo lilikuwa gharama, kwa sababu mawe yalichimbwa ardhini. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuikuza yakuti kwenye tanuri, na tangu hapo johari zikaweza kuingia katika saa ya mfanyakazi. Idadi ya johari iliyoandikwa usoni mwa saa nyingi za zamani, 17 au 21, inahesabu vijiwe hivi. Havikuwekwa kwa urembo. Kila kimoja kinaishikilia ncha fulani isisagike.

Kushika na kuachia

Hapa sasa ndipo penye siri ya saa. Kamani ikiachwa huru itajifungua kwa muda mfupi, magurudumu yakivuma mpaka yasimame. Kazi yote ya saa ni kuizuia isifanye hivyo, kisha kuiachia kwa vipimo vilivyo sawa.

Gurudumu la mwisho katika msururu lina meno yaliyoinama, kila moja limechongwa kwa pembe maalumu. Mbele yake kuna uma mdogo wenye vijiwe viwili vya yakuti, na mbele ya uma kuna mizani, lile gurudumu linalokwenda na kurudi. Kijiwe cha kwanza kimelishika jino. Mizani inapita, inaugusa uma, kijiwe kinaachia, jino linasonga, na papo hapo kijiwe cha pili kinalikamata jino jingine. Ni kama mlinzi wa kivuko anayeachia abiria mmoja mmoja, hata umati usukume namna gani. Ule mlio tunaousikia tukiiweka saa sikioni ni sauti ya vijiwe hivi vikikutana na chuma.

Ukitazama kwa makini zaidi utaona jambo la kustaajabisha. Katika ile nukta ya kuachia, jino huteleza juu ya uso wa kijiwe na kuusukuma uma; uma nao huisukuma mizani kidogo, kiasi hasa cha kuirudishia nguvu iliyopotea njiani. Kwa hiyo kizuizi hichohicho ndicho kinachoilisha mizani. Baada ya hapo uma unakaa pembeni na kuiacha mizani iende zake bila kuguswa na chochote, mpaka itakaporudi. Thomas Mudge wa London aliubuni mpango huu katika miaka ya 1750. Karibu saa zote za kamani zinazotengenezwa leo, ziwe za bei ya viatu au za bei ya nyumba, zinaufuata.

Kinachoirudisha mizani ni springi nyembamba iliyojizungusha mara nyingi katika duara bapa, unene wake chini ya unywele wa mtu. Mafundi husema springi hii inapumua, kwa kuwa hutanuka na kujikunja kwa kila pigo. Christiaan Huygens wa Uholanzi aliitangaza mwaka 1675, fundi Isaac Thuret wa Paris akaitengeneza, na huko London Robert Hooke akadai kwamba fikra ilikuwa yake. Ugomvi ule una maana kwetu kwa sababu moja: watu wenye akili kubwa kuliko wote wa zama zao waliona kwamba utepe huu mdogo unastahili kugombewa. Kabla yake saa ya mfukoni iliweza kukosea robo saa au zaidi kwa siku, na nyingi zilikuwa na mshale mmoja tu. Baada yake mshale wa dakika ukawa na maana. Sababu ni tabia yake ya ajabu: mizani ikienda mbali au karibu, springi huirudisha katika muda uleule, karibu bila tofauti.

Ila springi ya chuma cha kawaida hulegea kwenye joto, na saa huchelewa. Aliyeliondoa tatizo hilo alikuwa mtoto wa fundi saa. Charles Édouard Guillaume alizaliwa Fleurier, Uswisi, mwaka 1861, akawa mwanafizikia wa ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyopo Sèvres, Ufaransa. Mwaka 1896 aligundua aloi ya chuma na nikeli ambayo karibu haitanuki kwa joto, kisha akaendelea hadi kupata aloi ambayo unyumbukaji wake haubadiliki. Mwaka 1920 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Springi za saa nyingi za leo zinatoka katika ukoo wa metali hizo. Ndiyo maana saa ileile inaweza kuvaliwa Tanga mchana wa Februari na Njombe asubuhi ya Juni, na mwenyewe asione tofauti kubwa.

Watu huikasirikia saa ya kamani inapokosea sekunde 20 kwa siku. Wangeihesabu siku upya: ina sekunde 86,400. Kukosea 20 ni kupatia kwa zaidi ya asilimia 99.97, kazi iliyofanywa na chuma, mawe na tone la mafuta juu ya mkono usiotulia. Saa za Uswisi zinazoomba cheti cha usahihi cha COSC hupimwa kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na kwa wastani hazitakiwi kuwahi zaidi ya sekunde 6 wala kuchelewa zaidi ya sekunde 4 kwa siku. Kufika hapo kunahitaji mtu wa kuirekebisha mizani kwa mkono, akiondoa uzito usioonekana upande mmoja na kuikunja springi upande wa pili.

Mezani kwa fundi

Yote haya yanategemea mafuta, na mafuta hukauka. Baada ya miaka kadhaa tone lililokuwa laini hugeuka gundi, vumbi la chuma likajichanganya nalo, na saa iliyokuwa hodari ikaanza kuchelewa. Hapo anahitajika mtu.

Kila mji wetu una fundi saa. Meza yake ni ndogo, mara nyingi chini ya baraza ya duka la mtu mwingine, ina kisanduku cha kioo chenye mikanda na betri, na droo zilizojaa vipande vya saa zilizokufa zamani. Vifaa vyake havizidi urefu wa kidole: bisibisi nyembamba, vibano, brashi, lenzi ya kubana jichoni. Kutwa nzima hubadilisha betri na pini za mikanda. Lakini akiletewa saa ya kujijaza inayohitaji kufunguliwa yote, sogea karibu utazame, kwa sababu unachokiona ni miaka mia tatu ya majibu ikipita katika vidole vya mtu mmoja.

Kwanza huiachia kamani nguvu yake polepole, maana akiondoa uma wakati kamani imejaa, magurudumu yatazunguka kwa kasi na meno yatavunjika. Huing'oa mishale bila kuuchubua uso. Huitoa mizani ikining'inia kwenye springi yake, na hapo pumzi yenyewe hubanwa, kwa kuwa springi hiyo ikipindwa kidogo tu saa haitakuwa ileile tena. Kila skrubu ina mahali pake na urefu wake, na fundi mzuri huziweka kwa mpangilio wa kutolewa ili arudi kwa njia aliyopitia.

Vipande huoshwa. Matundu ya johari husafishwa kwa kijiti cha mti kilichochongwa ncha kali, kikizungushwa mpaka kitoke kikiwa safi. Kila ncha ya ekseli hukaguliwa chini ya lenzi: je, imepinda, imelika, ina mkwaruzo? Kisha magurudumu hurudishwa chini ya daraja lao, kile kibamba kinachozishika ncha zao kwa juu, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Daraja la magurudumu hufunika ncha tatu au nne kwa pamoja, na zote zinatakiwa ziingie kwenye matundu yake kabla skrubu haijakazwa. Asiyejua hubonyeza, na ncha hukatika. Anayejua huligusa gurudumu moja kwa ncha ya kibano, akalisogeza kiasi kisichoonekana kwa macho, akasubiri. Daraja hushuka lenyewe.

Mafuta yana elimu yake. Pale panapobeba nguvu nyingi na mwendo mdogo, kama kwenye pipa, hutiwa mazito. Pale penye mwendo wa kasi, mepesi. Tone likizidi hukimbilia pasipotakiwa. Likipungua, chuma husagana. Vijiwe vya uma hupata kiasi kidogo sana kwenye uso unaogongwa. Springi ya mizani haipati kabisa, kwani mizunguko yake ikigandana saa hukimbia. Hukimbia vilevile ikishikwa na sumaku, ambayo siku hizi imo kwenye spika na vifuniko vya simu. Fundi mwenye kifaa cha kuiondoa sumaku hulimaliza tatizo hilo kwa sekunde chache, na mwenye saa aliyedhani imekufa huondoka nayo mkononi.

Mwisho kabisa hurudisha mizani. Huishusha, huitafutia njia ya kuushika uma, na bila kuambiwa na mtu inaanza kupiga. Nimewaona mafundi waliozeeka katika kazi hii wakiacha kuzungumza katika nukta hiyo, na nawaelewa. Vipande vilivyokuwa vimetawanyika mezani vimekuwa saa.

Kazi inayojificha

Ukamilifu katika ufundi huu una kipimo kimoja kikali, nacho kinaelezwa vizuri na habari za Waingereza wawili. George Daniels, aliyefariki mwaka 2011, aliishi katika Isle of Man akitengeneza saa nzima kwa mikono yake, kasha, uso, mishale, magurudumu na skrubu, kazi ambazo kwa desturi ziligawanywa kwa mafundi zaidi ya 30 tofauti. Alibuni pia njia mpya ya kushika na kuachia inayopunguza mtelezo wa jino juu ya kijiwe, na mwaka 1999 Omega wakaanza kuitumia katika saa zao.

Kijana mmoja, Roger Smith, aliyesomea saa Manchester, alitengeneza saa ya mfukoni kwa kukifuata kitabu cha Daniels, akampelekea. Mzee aliitazama akamwambia kwamba inaonekana imetengenezwa kwa mkono, na kwamba hilo ndilo kosa lake: saa inapaswa ionekane kana kwamba imejitokeza tu, pasipo alama ya jasho la mtu. Kijana akarudi nyumbani akaanza nyingine. Ilimchukua miaka mitano. Alipoipeleka, Daniels alikagua kipande kwa kipande, akauliza kila kimoja nani amekitengeneza, na akamkubali kuwa fundi. Mwaka 1998 akamwita wafanye kazi pamoja.

Jibu lile la mzee linaweza kuonekana la kikatili. Mimi naliona kuwa ni heshima kuu kwa kazi. Kingo za madaraja katika saa ya daraja la juu huchongwa kwa mshazari na kung'arishwa kwa vijiti vya mti, hata upande wa chini utakaoonekana tena siku saa itakapofunguliwa na fundi mwingine. Philippe Dufour, fundi wa Vallée de Joux nchini Uswisi, amejulikana duniani kote kwa ung'arishaji wa aina hiyo, na saa yake maarufu, Simplicity, ina mishale mitatu tu na haina mbwembwe yoyote. Fundi anamwachia fundi ujumbe: mimi nilipita hapa, nikafanya sawasawa, nawe fanya hivyo.

Ufundi huu uliwahi kukaribia kufa. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliuza Tokyo saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, babu wa saa zote za betri tunazozijua. Usahihi wake ulizishinda kwa mbali saa zote za kamani. Katika miaka iliyofuata ajira za saa nchini Uswisi ziliporomoka kutoka takriban 90,000 hadi takriban 30,000. Huko Le Locle, kampuni ya Zenith, wakati huo mali ya Wamarekani, iliamriwa mwaka 1975 iache kutengeneza mashine za kamani. Fundi wake Charles Vermot aliomba vifaa vihifadhiwe, akakataliwa. Akavibeba kimyakimya hadi dari ya kiwanda, mashine za kukandamizia, vikataji na michoro, akaviandika kimoja kimoja ni vya nini. Karibu miaka kumi baadaye kampuni ilipotaka kuirudisha mashine yake ya El Primero, kila kitu kilikuwapo. Mwaka 1988 Rolex waliitumia mashine hiyo ndani ya saa yao ya Daytona. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha ufundi wa saa za kamani wa milima ya Jura, Uswisi na Ufaransa, kuwa urithi wa binadamu. Vermot hakungoja orodha.

Kuvaa na kukusanya

Mwenye kukusanya saa hukusanya pia historia, na sehemu ya historia hiyo inatugusa karibu. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, alikuwa akitoa zawadi za saa zenye nembo ya jambia usoni, zikiwamo Rolex na Patek Philippe. Leo ni miongoni mwa zinazotafutwa zaidi duniani. Ni haki zitafutwe, kwa sababu kila moja ni shahidi wa mkono uliotoa na mkono uliopokea. Lakini chini ya jambia kuna pipa, msururu wa magurudumu, uma na mizani, vilevile kama katika saa ya mwalimu.

Kwa hiyo anayeanza asiogope bei. Atafute moja anayoweza kuivaa kila siku. Akinunua kuukuu, aulize ifunguliwe mgongo mbele yake. Uso unaong'aa kuliko kasha lake huenda umepakwa rangi upya. Mashine yenye kutu itamgharimu kuliko saa. Feki aikatae, hata kama inafanana mno na halisi, kwa sababu imenakili jina tu, na kazi iliyolipa jina hilo heshima imeachwa. Na akishainunua aivae. Saa ya kujijaza iliundwa kuishi mkononi.

Kisha amtafute fundi wake, na amjue kwa jina. Asidai kazi ya nusu saa pale panapohitajika siku mbili, wala asishangae bei ya kusafisha inapokaribia bei ya saa yenyewe, maana anachokilipia ni macho na vidole vilivyochukua miaka kufundishwa. Vijana wanaoketi pembeni mwa meza hizi ni wachache, na simu zimewapunguzia mafundi wateja. Aliye na saa inayotembea, ailete kusafishwa kabla haijasimama, ili fundi apate kazi ya kweli na si betri tu. Na ile mbovu iliyolala kwenye droo, ambayo hakuna tena wa kuivaa, ampelekee bure, ili mwanafunzi wake aifungue na kuifunga mara nyingi kadiri atakavyo, avunje ncha moja, ajifunze, aifungue tena, mpaka siku daraja litakaposhuka lenyewe chini ya vidole vyake.